Vipande Thelathini na Viwili

Fundi cherehani mmoja, mtaa mzima unamwita Pini, kwa sababu ukimkuta kazini mdomo wake umejaa pini na bado anaongea. Anashona sare za shule, na kukata kwake ni kwa mkupuo: anapanga vitambaa kumi kimoja juu ya kingine, anapiga chaki mara moja, mkasi unapita mara moja.

Jikoni kwake ni hivyo hivyo. Akipata saa moja ya nafasi, anachemsha viazi vitamu sufuria nzima, anakata karoti za siku tatu, anaponda ndizi na tende, anapanga vikopo. Waseme mvivu wakitaka. Asubuhi ya kazi anamfungia mtoto chakula kizuri kwa dakika tano, wakati majirani bado wanagombana na sufuria.

Tena si madaha, ni lazima. Binti yake wa miaka saba, anayemwita Kifungo, ana mzio wa karanga, na usidhani ni deko. Akiwa na miaka mitatu alilamba kijiko tu. Midomo ikavimba, pumzi ikaanza kukata, na Pini akakimbia naye hospitali na kiatu kimoja mguuni. Tangu siku ile karanga hazikanyagi nyumbani kwake.

Shuleni ndiko kulikomuuma. Kila mwisho wa muhula darasa hula pamoja, mzazi mmoja akileta vitafunio vya wote. Mihula mitano mfululizo Kifungo alikaa dawati la peke yake, kando ya kabati la vitabu, na kikopo chake cha nyumbani. Mwalimu hakuwa na roho mbaya. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mtoto akirudi alisema, "Mama, leo nimekula na kabati," huku anacheka. Pini anacheka naye, kisha anaingia bafuni kulia.

Muhula huu akajitosa. "Mwalimu, safari hii naleta mimi, vya watoto wote thelathini na wawili. Mwanangu atakaa na wenzake?"

"Kama vyote ni salama, Mama, atakaa. Kukiwa na wasiwasi hata kidogo, itabidi akae pale pale."

Basi jioni ya kuamkia sherehe Pini akaoka sinia zima la ndizi, tende na shayiri. Lilipopoa, ufundi ukampanda kichwani. Vipande vya kukadiria kwa macho? Yeye? Akatoa kwenye mkoba rula ya mbao aliyobeba kutoka kazini, akaipangusa vumbi la chaki kwenye nguo kama afanyavyo mara mia kwa siku, akailaza juu ya sinia na kukata. Vipande thelathini na viwili, pembe zimenyooka kama kola ya shati. Akalala akitabasamu.

Saa mbili na nusu asubuhi, sherehe ikiwa saa nne, hodi mlangoni. Alikuwa fundi mwenzake wa pale kazini, anayeshona nguo za kiume na kuitwa Suti, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi.

"Dada, umeondoka na rula yangu."

"Kumbe ni yako! Chukua, nimeshaiosha. Jana nimekatia vitafunio vya watoto."

Suti hakunyoosha hata mkono. "Uliiosha kabla ya kukata, au baada?"

"Baada. Kabla niliifuta chaki."

"Dada yangu," Suti akasema, kisha akaungama ya jana. Karanga zake alizila nje kwenye benchi, kama walivyokubaliana zamani, na mikono alinawa. Lakini maganda aliyasukumia chini kwa rula. Lile vumbi halikuwa chaki.

Pini akakaa kwenye kiti. Loo! Miaka minne ya kuosha kila kijiko mara mbili, halafu anaponzwa na rula!

Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache, akasema kwa upole, "Mama Kifungo, hao wengine hawana mzio. Wale hivi. Wetu tumtengenezee chake."

Lilikuwa wazo la busara, na ndilo lililomwinua Pini kitini. "Nikimpelekea chake peke yake, nimempelekea kabati. Wote wanakula kitu kimoja, au siendi. Wewe Suti, toka na sinia lako, na chembe ya karanga isibaki hapa!"

"Nilipeleke wapi?"

"Tumboni! Si una nafasi?"

Suti akatoka na sinia, amejaa aibu na, tuseme ukweli, furaha kidogo.

Meza ikasuguliwa, visu vikachemshwa, Pini akabadili nguo. Sufuria ya viazi vitamu ilikuwa imechemshwa tangu jana, haijaguswa. Mume akamenya, mke akaponda na ndizi mbivu, wakaviringisha vidonge vidogo kwenye nazi iliyokunwa. Karoti na matango Pini alivipanga kumi kumi, kisu kikapita mara moja. "Haviko sawa," mume akachokoza, akionyesha kidonge kikubwa na kingine kidogo. "Nyamaza, viringisha!" Saa nne kasoro dakika tano walikuwa mlangoni pa darasa, nazi mpaka kwenye nyusi.

Madawati yalikuwa yameunganishwa kuwa meza moja ndefu. Mwalimu akauliza kila kilichomo, na Pini akamweleza chote, hata mkasa wa rula, bila kuficha. Mwalimu akacheka, kisha akaenda kwenye lile dawati la kando ya kabati, akalijaza vitabu juu mpaka pasibaki pa kuweka sahani.

Watoto wakakimbilia viti. Kifungo peke yake alibaki amesimama, akizitazama sahani. Akamjia mama yake, akamvuta nguo.

"Mama, yangu ni ipi?"

"Yoyote."

"Yoyote?"

"Yoyote, mwanangu."

Akaanza kuzunguka meza nyuma ya wenzake. Akasimama kwenye sahani moja, akaiacha, akaenda kwenye nyingine, akarudi kwenye ile ya kwanza, akaiacha tena. "Kaa basi, tuna njaa!" watoto wakapiga kelele. Mwalimu akainuka amwonyeshe kiti, na Pini akamshika mkono.

"Mwache, Mwalimu," akasema. "Hajawahi kuchagua."