Majina ya Mahindi ya Ganze

Kahonzi alisomea kompyuta Malindi miezi mitatu, akilala kwa shangazi yake mtaa wa Kisumu Ndogo, na aliporudi Ganze alikuwa na maringo ya kutosha kijiji kizima. Mwalimu wake, Nyokabi, alimfundisha kwamba kuna orodha ya mabano ya mraba, unayoongeza na kufuta utakavyo, na ile ya mabano ya mviringo, wenyewe huiita tuple, ambayo ikishaandikwa hakuna kuingiza jina wala kutoa. Kahonzi akaipenda hiyo ya pili kupita kiasi.

Ukame ulipokaza, yakaja mahindi ya msaada. Mara ya mwisho majina ya wajane yalikuwa yameyeyuka na ya mashemeji wa wakubwa yakaota usiku mmoja. Ndipo Kahonzi akasimama barazani, kompyuta ameikumbatia, akaapa: "Majina nitayaandika mimi, niyafunge kwa mabano ya mviringo. Hata mimi mwenyewe sitayagusa." Watu wakapiga makofi. Ni mpumbavu gani huapa hivyo? Huyo.

Akapita nyumba kwa nyumba siku nne, jua likimchoma utosi. Nyumba ya kwao aliiacha mwisho, asije akaambiwa amejipendelea. Siku ya tano asubuhi, Lewis, msimamizi wa mahindi, akaitaka orodha papo hapo. Kwa haraka, na kwa majivuno, Kahonzi akafunga mabano, akawaonyesha watu jinsi programu inavyokataa jina jipya. Walishangilia sana. Mbodze, mamake mzazi, hakuwamo.

Kahonzi alilijua hilo siku ya kugawa, mama akiwa mbele ya meza na gunia tupu mkononi.

"Kaka Lewis, nakuomba. Naandika orodha upya, dakika moja tu."

Lewis akacheka kwa sauti, makusudi, foleni isikie. "Kumbe yafunguka! Haya jamani, tumfungulie mamake?"

"Haifunguliwi!" wakajibu. Aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Pamela, mjane ambaye Kahonzi alimwandika wa kwanza.

 Mbodze alilikunja gunia lake taratibu, akashika njia. Kahonzi akamfuata akilia.

"Nisamehe, mama. Nilikuacha mwisho kwa heshima."

"Heshima ya nani?" mama akauliza, akashika njia mpaka nyumbani, ambako hakukuwa na cha kupika.