Viti vya Uani na Piano ya Redioni

Nikinusa betri za redio zilizoanikwa juani, nakumbuka muziki mmoja wa piano ambao jina lake sijalipata hadi leo. Kaka yangu alikuwa vitani. Asubuhi ile redio ilikatiza salamu za wasikilizaji, ikaingia piano tupu, bila mwimbaji.

"Huo wa msiba," baba alisema. Mama akaacha kupepeta.

"Mbona mtamu, baba, kama mvua inaanza?" nikauliza.

"Nyamaza. Wanatuficha kitu." Akaanza kutoa viti uani, vya waombolezaji.

Mtangazaji akaomba radhi, eti mitambo iliharibika.

"Mwongo huyo," baba alisema, na viti vikabaki nje siku zote.

Kaka aliporudi, mzima, aliviona akasimama mbali. "Baba, nani kafa?"

Baba akaonyesha redio. "Muulize huyo."