Koti Nililotundika Juu ya Bei

Jamani, mcheke taratibu, maana mama niliyemwita mwizi mbele ya watu hakuwa mwizi hata kidogo, na mpaka leo nikipita dukani kwake natazama chini.

Mimi ni mtu wa Ganako, nauza dawa za mifugo kwa pikipiki, na asubuhi ile nilimwachia mzee Lemayian wa Enguserosambu chupa ya dawa ya minyoo, nikaendelea na safari mpaka Piyaya, nikafungua boksi, nikakuta chupa ya minyoo imetulia mle ndani inaniangalia. Niliyomwachia mzee ilikuwa ya kuogeshea ng'ombe, ya kuua kupe, na ng'ombe akinyweshwa ile haamki tena, na mzee alishasema atawanywesha jioni wakirudi bomani.

Simu yangu pale haikushika mtandao. Iliyokuwa inashika ni ya dukani kwa mama Nashipai, imeunganishwa na antena iliyo juu ya mlingoti, unapiga na kulipia kwa dakika. Nikaingia, nikatundika koti kwenye msumari wa kwanza niliouona, nikaomba simu, bei sikuuliza (nilijiona mtu mwenye haraka haulizi bei). Simu yenyewe ilisikika kwa spika tu, kwa hiyo akina mama waliofuata sukari na wazee wawili wa kwenye benchi wote wakawa wanasikiliza.

"Mzee, ile dawa..."

"Sopai," akanisalimia mzee kwa Kimaasai.

"Epa. Mzee, ile dawa..."

"Unarukia habari kabla ya salamu. Nani amekufa?"

Sasa mzee wa kule humkatizi. Nikamhakikishia hajafa mtu, ikabidi tuanze upya, watoto wazima, mvua Ganako imenyesha, ng'ombe wako je, nikasema sina ng'ombe mzee, nina pikipiki, akauliza pikipiki nzima, nikasema nzima, akahamia kwa mama yangu na goti lake la kushoto, mimi jasho linanitoka huku natazama jua linavyoshuka.

"Haya," akasema mwishowe, "lete habari."

Nikaileta.

"Hiyo chupa sijaigusa," akasema mzee. "Ina picha ya ng'ombe anamwagiwa mgongoni, na wewe ulisema ya kunywesha. Nikasema nitakungoja unieleze. Mimi shule sikwenda, lakini naangalia."

Nilishukuru mpaka machozi yakanitoka, mbele ya wateja wangu wa kesho, na wala sikujali. Nilianza kujali mama Nashipai aliposema elfu kumi na moja.

"Huu ni wizi," nikasema, kwa sauti. "Kwetu Karatu hela hiyo naongea wiki nzima. Mnatukamua kwa sababu hatuna pengine pa kupigia."

Mama Nashipai alikwenda ukutani, akaliondoa koti langu, na chini yake kulikuwa na kibao: DAKIKA MOJA ELFU MOJA. ULIZA KABLA YA KUPIGA.

"Bei ni kali, baba," akasema mama mmoja wa sukari, "hata kwenye mkutano wa kijiji tumemwambia apunguze, naye anatutajia betri na sola. Tunaendelea kumbana. Lakini sisi tunapiga tukiwa tunaijua."

Ndipo sauti ikatoka kwenye spika, maana mzee humkatii simu, na mimi sikuwa nimeaga.

"Kijana, bado unalipia."

Ikawa elfu kumi na mbili. Nililipa, nikamwomba mama Nashipai radhi mbele ya watu wale wale. Bei yake bado naiona kubwa na nimemwambia, ila siku hizi namwambia kabla ya kupiga, na koti langu silivui.

Kesho yake nilimpelekea mzee chupa yake. Ng'ombe walikuwa wanatoka bomani, wote, kwa miguu yao wenyewe, nikasimama kuwatazama mpaka wa mwisho. Mzee akaipokea chupa, akaigeuza, akanirudishia mkononi.

"Nisomee," akasema. "Yote."

Nikasoma yote.