Waliobeba Viti Wakaambiwa Wainuke

Admin, jina langu na la kijiji chetu baki nayo wewe mwenyewe, maana mdogo wangu na mkewe wanaufuatilia ukurasa huu. Wakijitambua humu, sawa, wajitambue.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu. Nalima karoti na kabichi huku milima ya Uluguru na kuzishusha sokoni Morogoro. Naishi jirani na wazazi wangu na mimi ndiye ninayewahudumia. Mdogo wangu wa kiume yuko Dar, ana kazi nzuri, na matibabu ya baba anagharamia yeye. Hilo silikatai.

Mwaka huu wazazi wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Mdogo wangu akasema tuwafanyie jubilei ya heshima, nikafurahi kweli. Akafungua grupu, akamweka wifi kuwa mratibu, kwa sababu wifi anajiona mtaalamu wa shughuli. Nikawaambia kigangoni kuna mabenchi, tumeshapewa bure, na akina mama wa jumuiya wako tayari kupika. Wifi akanijibu kwa voisi: "Dada, mabenchi yataharibu picha. Nataka viti vyeupe vya kuvalisha vitambaa, na tenti. Chakula kitatoka mjini. Wewe kazi yako vitu vifike juu."

Vifike juu! Huku gari linaishia barabarani, kuanzia hapo ni mguu, kupandisha tu, na wiki ile mvua ilikuwa imenyesha njia yote inateleza. Nikapita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza akina mama. Wakaacha mashamba yao, wakaweka ngata kichwani, wakapandisha viti vyote, vitambaa, vyuma vya tenti, spika. Jenereta walilibeba waume zao. Hakuna aliyedai hata soda. Kiongozi wao, nimwite Mama Koleta, aliteleza akachubuka goti, akabaki anacheka: "Karoti nabeba kila wiki, nishindwe na plastiki?"

Siku ya sherehe wakaja wamependeza, sare ya kitenge, wakakaa kwenye viti. Kumbe wifi alikuwa amegawa riboni za dhahabu kwa wageni waliotoka Dar. MC akashika maiki: "Wale wasio na riboni tunaomba wawapishe wageni wetu." Nikadhani anatania. Akina mama wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kukaa chini kwenye nyasi, kule migombani. Nikamfuata wifi nikamwambia, hao ndio waliobeba hivi viti. Akasema bila hata kunitazama, "Dada, shughuli bila utaratibu haiendi." Nilitamani nimmwagie juisi kwenye hilo gauni lake. Nilijizuia kwa ajili ya mama yangu tu.

Hayakuishia hapo. Ulipofika wakati wa zawadi, wakaja wanaimba, wana mbuzi wao na kapu la maharage. MC akawazuia, eti kipengele chao hakimo kwenye ratiba na wageni wanataka kuwahi kushuka. Wakamfunga mbuzi kwenye mgomba, wakaondoka hawajala. Jioni kwenye grupu ni makopakopa tu, "Shughuli imefana! Hongera mratibu!" Nikaandika kwamba waliofanikisha shughuli wameondoka na njaa. Wifi akanitoa kwenye grupu.

Kesho yake mdogo wangu akapiga. "Dada, waambie akina mama washushe viti, mwenye navyo ananisumbua." Utadhani anaongea na wapagazi wake! Hata hivyo nikaenda kwa Mama Koleta. "Waje wenye riboni wavibebe," akanijibu. "Na wewe mwenzetu, ukishusha hata kimoja tutajua uko upande gani."

Nikamwomba mdogo wangu aje tu aseme samahani. "Nipande mlima kuomba msamaha kwa ajili ya viti vya plastiki? Tafuta vibarua." Vibarua watoke wapi, wakati wanaume wa huku ndio waume na watoto wa akina mama haohao? Mama naye ananilaumu mimi, kwamba namharibia jubilei yake na kumgombanisha na mwanawe.

Basi viti vimerundikwa uani kwa wazazi, kuku wanalala juu yake. Na sasa baba amezidiwa. Kifua kinambana, na nesi wa zahanati kasema apelekwe hospitali mjini. Huku kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka barabarani, na wabebaji ni waume wa wale wale. Nilikwenda kwa Mama Koleta natazama chini kwa aibu. Hakuniacha hata nimalize. "Baba tutambeba, hilo usiulize. Yeye hatujagombana naye."

Nikampigia mdogo wangu kumweleza. Akasema, "Vizuri. Gari litakuwa barabarani kesho asubuhi. Wakimshusha mzee, washushe na viti, gari lirudi navyo. Likirudi bila viti, mambo ya hospitali mtajijua wenyewe."

Ni baba yake mzazi huyo, jamani! Kesho wale watu wanakuja kumbeba baba yangu kwa moyo wao, baada ya kufukuzwa kwenye viti mbele ya macho yake. Nikiwatajia viti, sina tena jirani huku mlimani. Nisipotaja, baba anafika hospitali hana wa kumlipia, na mimi karoti zangu bado ziko ardhini.

Nipeni neno kabla hakujakucha: niseme au ninyamaze? Na wewe unayetaka kuniandikia "vumilia tu, huyo ni ndugu yako", pita.