Wimbo wa Chai Haumo

Kaseti ilifika kwetu kwa sababu suruali ya dereva wa lori ilipasuka. Na haikupasuka kwa mchezo, bwana, kuku walikimbia. Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa bado upande wa Tanzania, karibu na mpaka, tuna cherehani mbili za miguu zinazotazamana chini ya bati moja. Dereva alisimama nyuma ya pazia amejifunga kitenge cha mke wangu, katoa kichwa tu kama kobe, mpaka suruali ikashonwa. Alifurahi sana yule mtu. Akaenda kwenye lori lake akarudi na kaseti. Haina kasha, haina maandishi, haina jina.

"Hawa ni wazungu wanne," akasema. "Wana nywele ndefu kuliko mama hapa, na kelele kuliko lori langu. Mtawapenda."

Akaondoka, na mpaka leo sijamwona.

Tulivuka nayo kuja Kigali ikiwa kwenye droo ya cherehani, katikati ya vifungo. Tukapata meza yetu hapa sokoni Kicukiro, tukaziweka tena zile cherehani zitazamane, radio katikati. Nikisema kaseti ile tuliipiga mara laki moja, toa chache tu, zile za Jumapili.

Sasa elewa tulivyokuwa tunafanya kazi. Mimi shule niliishia darasa la pili. Saa ya ukutani nilijifunza kuisoma nikiwa na ndevu tayari. Mke wangu naye hakuwa mtu wa saa. Saa yetu ilikuwa kaseti. Upande wa kwanza suruali, upande wa pili shati. Vitambaa vimeshakatwa tangu asubuhi, tunabonyeza, tunaanza. Wimbo wa kwanza, ule wa makelele, unaunganisha miguu ya suruali. Wa pili hauna kichwa wala mkia, mzungu analalamika tu kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni; huo ni wa mifuko. Halafu zipu. Halafu kiuno, na ule mrefu wa mwisho ni pindo. Kaseti ikikata, tak, suruali inakwenda kwenye pasi.

Mteja akiuliza, "Fundi, nije saa ngapi?" mke wangu anamjibu, "Njoo kwenye zipu." Na walielewa! Kulikuwa na mama mmoja akipita anatega sikio, anasema, "Aa, bado mko kiunoni, ngoja kwanza nikachukue viazi."

Kuruka wimbo hakukuwepo. Radio yetu kitufe cha kupeleka mbele kilikufa mapema, kwa hiyo ukitaka kuruka utoe kaseti, uizungushe kwa kalamu ya biki mpaka kidole kiote sugu. Nani ana muda? Tulizisikiliza zote, nzuri na mbaya, kama vile unavyokaa na ndugu za mke.

Wa tatu upande wa pili ndio ninaotaka kuusema. Sidhani kama hata wale wazungu wenyewe wanaukumbuka. Gitaa moja, polepole, na sauti ya mtu anayejisemesha. Huwezi kuukanyagia cherehani. Ukijaribu, uzi unakatika. Mke wangu ndiye aliyeamua: huu ni wa chai. Anasimamisha gurudumu kwa kiganja, anachukua chupa, anamimina kikombe kimoja. Kimoja, kwa sababu cha pili kilivunjika siku tunavuka, na kila siku tukasema tutanunua kesho.

Anaanza yeye. Alikuwa anavuta chai kwa sauti, yule mwanamke! Wauza nyanya wanageuka. Anakunywa mpaka mzungu anyamaze na gitaa libaki peke yake. Hapo ndipo kikombe kinavuka meza kuja kwangu, na hapo ndipo tunatazamana. Siku nzima macho yako kwenye sindano, mimi kwangu na yeye kwake, lakini gitaa likibaki peke yake, tunatazamana. Mara nyingine ananiambia nina uzi kwenye ndevu. Kisha wimbo wa mikono ya shati unaingia kwa ngoma, na yeye ndiye anayekanyaga kwanza, mimi namfuata.

Mke wangu alifariki. Msibani watu walisimama wakamsifu: mchapakazi, mcha Mungu, mpenda wageni. Yote kweli tupu, sibishi. Lakini nilikaa kwenye kile kiti nikisubiri mtu mmoja tu aseme habari ya kuvuta chai. Wakamaliza, wakakaa. Hakuna.

Miezi michache baadaye radio ikatafuna kaseti. Ilitapika utepe kama tambi. Nilijaribu kuunga kwa gundi, nikaunga na kidole changu. Basi, nikashona kimya.

Binti yetu anauza simu pale njia panda ya Sonatubes. Siku moja akaja na radio ndogo nyekundu na flashi.

"Papa, nimekupatia wale wazungu wenu. Nimewajua kwa ule wimbo uliokuwa unanipigia kelele utotoni. Humu ndani ziko zile bora zao zote, zilizovuma dunia nzima. Ishirini!"

"Zote?"

"Zile nzuri tu, Papa. Mbovu wameshazitoa."

Nikamshukuru mpaka machozi. Akaondoka, nikabonyeza, nikachukua suruali iliyokatwa. Wimbo wa makelele ukaanza, Yesu wangu, nikarudi kijana. Miguu ya suruali ikaungana yenyewe. Ukafuata wa zipu, nikaweka zipu. Ukafuata wa kiuno, nikafunga kiuno. Halafu nyimbo nyingine nisizozijua, halafu pindo. Nikapiga pasi, nikaikunja, nikaona leo nimekuwa fundi wa dunia.

Mwenye suruali ni bwana mmoja wa ofisini kule Muhima, amekulia Uganda, mtu mstaarabu. Siku hiyo alikuwa msemaji wa ukoo kwenye kuposa. Alifika ana haraka, akachukua, akaenda kuvalia huko huko. Jumatatu akarudi.

"Muzee," akaniambia, "nikuulize kwa heshima. Mikono nilipaswa kuiweka wapi?"

"Mikono gani?"

"Hii yangu! Banange, nimesimama mbele ya ukoo wa watu, natafuta leso, natafuta karatasi ya hotuba, napapasa mapaja yangu kama mtu anayetafuta siafu. Wazee wa upande wa pili wananitazama. Mmoja akauliza kama naumwa!"

Nikaichukua suruali, nikaigeuza ndani nje. Haikuwa na mfuko. Sio wa mbele, sio wa nyuma, hata wa kuwekea sindano. Imefungwa pande zote kama gunia la sukari.

Jirani yangu wa meza, mama anayeuza vitenge, amekulia Bujumbura na mdomo wake alikuja nao kutoka huko huko, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Muzee weye! Umeshonea mutu soksi ya kiuno!"

"Sio mimi," nikasema. "Ni flashi. Wimbo wa mifuko wameutoa."

Yule bwana alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuongea na mbuzi. Nilimwekea mifuko minne, na wa tano wa ndani, wa radhi. Alipoondoka, mama wa vitenge akavuta kigoda.

"Lakini mimi naona hii flashi iko muzuri. Iko nyama tupu! Ile nyimbo ya mutu anarira-rira, ya nini?"

"Mama, wewe unakula nyama bila ugali?"

"Nikipata, mbona!"

"Utakula siku moja. Siku ya pili tumbo litakuuliza maswali. Hizi nyimbo zote zinapiga kelele kwa pamoja, kila moja inataka kuwa bwana harusi. Hakuna ya kukaa chini."

"Kaa chini nani amekukataza?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nimeshazisikiliza zote ishirini, ya kwanza mpaka ya mwisho, mkono kwenye gurudumu, nikisubiri ule wa chai. Haumo. Shati natoka mabegani naangukia kwenye mikono. Siku saba nilishona bila kunywa chai, na chupa iko pale imejaa. Mguu haukupata ruhusa ya kusimama.

Jumamosi nikamweleza binti.

"Ntakibazo, Papa, usijali. Siku hizi kila wimbo upo. Unaitwaje?"

"Chai."

"Unaitwa Chai?"

"Eee. Unatangulia ule wa Mikono."

"Na kuna wa Mikono?" Akaanza kucheka, kisha akaniona uso, akaacha. "Mama naye alikuwa anauita hivyo?"

"Mama yako ndiye aliyeupa jina."

Akakaa kwenye kigoda cha mama wa vitenge, akatafuta kwenye simu santuri zao zote, nzima nzima, tangu walipokuwa vijana mpaka walipokuwa na matumbo. Akawa ananipigia mwanzo wa kila moja. Hapana. Hapana. Hapana. Mama wa vitenge akawa anakataa pamoja nami, kama hakimu. Ikaja moja, makelele yale yale, nikasema aah, huo upo hata kwenye flashi. "Ngoja," akasema binti, akauacha uishe. Baada yake akaingia yule mzungu aliyekanyagwa kwenye foleni.

"Mifuko!" mama wa vitenge akapiga kelele, ingawa Jumatatu ile ile ndio alikuwa anamtukana. "Muzee, iko mifuko!"

"Usiguse kitu," nikamwambia binti. "Usiruke hata mmoja."

Tukakaa. Zipu, kiuno, pindo. Simu haina upande wa kugeuza, ikaendelea yenyewe. Kola. Mabega. Nikachukua chupa, nikamimina kikombe. Na gitaa likaanza.

Lilikuwa lile lenyewe. Lakini jamani, lilikuwa na haraka! Sauti ya mzungu imekuwa nyembamba, kama kijana ambaye bado anatumwa dukani. Kwenye zile za makelele sikuwa nimegundua; kwenye huu ndipo nikaelewa. Radio yetu ilikuwa imechoka, mkanda wake wa ndani umelegea, miaka yote ile ilikuwa inavuta nyimbo taratibu. Wale watu hawakuwahi kuimba polepole vile. Ni sisi tu, hapa mezani, tuliokuwa na wimbo mrefu namna ile.

Sikunywa. Nilishika kikombe, nikasubiri zamu ya kwanza ipite, kwa sababu haikuwa yangu. Mzungu akanyamaza, gitaa likabaki peke yake, nikainua macho. Mbele yangu cherehani ya pili, nimeifunika kitenge. Nikanywa. Mafunda mawili matatu, mara wimbo umekwisha, kikombe bado kina nusu.

Nikakiweka kwenye meza ya cherehani yake.

Ngoma za mikono zikaingia. Mguu wangu ukangoja kidogo, kama siku zote, umsikie mwenzake aanze. Halafu ukaanza wenyewe.

"Na hii chai?" mama wa vitenge akauliza, mkono wake tayari uko njiani. "Inapoa, muzee."

"Iache hapo," nikamwambia. "Ina mwenyewe."

Akaurudisha mkono. Binti akasogeza simu karibu na cherehani, nikashona mkono wa kushoto, nikashona wa kulia.