Mtu wa Pili wa Chumba Namba Tisa

Wenzake kazini walimwita Bi Nyongeza, naye hakukasirika. Kwa miaka kumi na saba alikaa kwenye kaunta ya mapokezi ya hoteli moja ya ghorofa tatu, mkabala na hospitali kuu, na kazi iliyowashinda wengine ndiyo aliyoiweza: kumsomea mgeni gharama ambazo hakuziona kwenye bei ya mlangoni. Taulo la ziada, maji ya moto, kuegesha gari, kuchelewa kutoka. Alikuwa na ulimi wa asali. Wapishi walisema angeweza kukutoza hewa ya dirishani, nawe ukamwachia bakshishi.

Alikuwa mjane mwenye binti mmoja chuoni, na ada ya chuo haina utani. Kwa hiyo hakuuliza maswali.

Asubuhi moja akaingia mzee, fundi viatu, vidole vimeshika weusi wa kiwi usiotoka.

"Chumba cha mtu mmoja, baba?"

"Wawili, mwanangu. Mke wangu kalazwa hapo ng'ambo. Wakimruhusu tu, anakuja kupumzika hapa kabla hatujasafiri."

Bi Nyongeza akaandika wawili, chumba namba tisa. Nyongeza ya mtu wa pili ilihesabiwa kila siku, awepo asiwepo, lakini hakulitamka hilo. Tangazo liko ukutani, alijiambia. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kila siku mzee alivuka barabara na chupa ya chai, na jioni aliegemea kaunta kuleta habari. "Leo kakaa mwenyewe kitandani. Kanigombeza, eti vifungo vya shati nimefunga kombo. Huyo akianza kugomba, ujue anapona." Wakacheka wote wawili.

Siku ya saba hakurudi. Alitokea kesho yake saa saba mchana, muda wa kutoka umeshapita zamani, macho yamemwiva.

"Nifungie hesabu, mwanangu. Mwenzangu ametangulia."

Bi Nyongeza alimpa pole. Akaenda kwa meneja kuomba nyongeza zile zifutwe. Meneja hata uso hakuinua.

"Hospitali iko pale. Tukifuta kwa kila msiba, si bora tufunge hoteli?"

Akarudi, akasoma. Mtu wa pili, siku nane. Kuchelewa kutoka, nusu siku. Safari hii asali ilikauka ulimini. Mzee alihesabu noti taratibu, hakubisha hata neno, na hilo ndilo lililomchoma. Heri angefoka.

Mzee alipokwisha kuondoka, mhudumu wa vyumba akashuka na gauni jipya la maua. "Lilikuwa limetandazwa kwenye kitanda cha pili, dada. Wiki nzima alinikataza kukigusa."

Bi Nyongeza hakuaga mtu. Alilichukua gauni, akachomoa pochini pesa alizoweka kwa ajili ya ada, akavuka barabara. Alimkuta mzee kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, akingoja karatasi za kumchukua marehemu.

"Baba, umesahau hili. Na hizi ni zile za mtu wa pili. Hatukustahili kukutoza. Nisamehe."

Mzee alilipokea gauni, akalipakata. Pesa akazirudisha kwenye kiganja cha Bi Nyongeza, akakifunga kidole kimoja kimoja.

"Hata ungeniambia mapema, ningelipa. Nilikuwa namngoja, mwanangu. Nikirudishiwa, itakuwa kama sikumngoja."

Bi Nyongeza akakaa naye pale mpaka karatasi zikatoka. Aliporudi, akakuta barua ya onyo kwa kuacha kaunta.

Tangu hapo, mgeni yeyote mwenye mgonjwa hospitalini alimwandika mtu mmoja, mpaka wa pili aingie kwa miguu yake mwenyewe. Miezi minne baadaye mkaguzi akagundua. Bi Nyongeza akahamishiwa chumba cha kufulia nguo, mshahara ukakatwa theluthi, na binti yake akalazimika kuahirisha mwaka wa masomo.

"Mama," binti alimwuliza Jumapili moja, machozi yakimlengalenga, "mzee mwenyewe alizikataa pesa. Sasa wewe ulikuwa unamlipa nani?"

Bi Nyongeza alinyoosha mkono, akachukua kopo la mafuta ya kujipaka. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni. Kifuniko kikamshinda. Binti akalichukua kopo, akalifungua, akaanza kumpaka, kiganja baada ya kiganja.