Makubadhi Ndani ya Mashine ya Theluji

Siku moja ya joto, mwanangu, lile joto la Matrah, Omani, ambalo kuku hutaga mayai yaliyokwisha kuchemka, niliambiwa jambo nikalimeza zima zima na ganda lake. Niliambiwa kwamba imeshushwa bandarini mashine kutoka nchi za barafu, na kwamba mashine hiyo inamjua mtu anayekumbuka kwao. Ukiipanda nawe moyo wako uko mbali, inakushika mguu, wala haikuachii mpaka usahau ulikotoka.

Usicheke. Au basi cheka, mimi mwenyewe nacheka sasa. Lakini wakati ule, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nna cheti cha skuli ya usiku nilichokipatia Unguja kwa kusoma karibu na kandili mpaka nyusi zikaungua. Cheti hakikunifaa kitu siku hiyo. Elimu ya usiku, mwanangu, mchana wakati mwingine husinzia.

Aliyenambia ni Nassor. Tulikuwa tukikaa chumba kimoja Matrah, yeye na mimi, wote tumetoka Unguja baada ya yale mapinduzi yaliyotokea. Nassor alikuwa hasemi uongo kabla hajala. Tabu ni kwamba alikuwa anakula mara sita kwa siku.

"Na ushahidi upo," akanambia. "Mzungu mwenyewe humwoni anavyochechemea?"

Kweli, nilikuwa nikimwona. Mwenye mashine alikuwa mzungu mmoja wa mambo ya mafuta, mtu mpole, ambaye hakosi picha ya kwao mfukoni: nyumba ya mbao imezama ndani ya weupe mpaka madirishani. Akituonyesha picha hiyo machozi yanamlengalenga. Alitaka kujua kama pikipiki ya theluji itakwenda juu ya mchanga. Ilikwenda, hatua chache, kisha ikaanguka upande, ikamlalia mguu. Basi mtu ana hamu ya kwao, na mguu wake umeshikwa. Mimi nikajumlisha moja na moja nikapata kumi na moja.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ndivyo tulivyolelewa. Hakuna aliyetwambia kwamba lingine haliji kabisa.

Mashine ikaletwa gereji tuliyokuwa tukifanya kazi, Ruwi. Usidhani Ruwi hii ya mabenki na mataa. Ile ilikuwa bonde, vumbi na mbuzi, na mbuzi ndio waliokuwa wengi. Mashine yenyewe mbele ina vibao viwili vilivyopinda ncha, nyuma mkanda mpana wa mpira unaozunguka. Na kila upande, chini ya mpandaji, pana kijishimo cha kutia mguu, kirefu, chembamba, na kwa mbele kimefunikwa na mdomo wa bati, ili buti la mtu lisiteleze kwenye barafu. Mwenye buti anatia mguu, anautoa, salama salimini. Lakini nani alikuwa na buti Matrah?

Mimi nilikuwa na makubadhi. Mama yangu alininunulia sokoni Darajani, wiki niliyoondoka, ya ngozi nzuri, ukanda mpana juu ya mguu, na pua imepinda juu kama inanusa pilau. Alinivisha mwenyewe, mimi mtu mzima, akapiga magoti akanivisha. Akasema, "Ukanyage huko ukijua umetoka wapi." Sikuyavua tena. Nikienda gereji nayo, sokoni nayo, mafuta ya injini yanayarukia nayafuta kwa shuka yangu ya kulalia. Nikiyatazama miguuni naisikia harufu ya mkate wa kumimina, hiliki na tui, na mama yuko jikoni anauliza nani kala kona ya mkate. Hamu hiyo, mwanangu, haikuwa na dawa. Nilikuwa nikiamka nayo na kufutari nayo.

Fundi Abdalla, mkubwa wetu wa gereji, akatwambia asubuhi moja, "Isukumeni ile kivulini, mpira usiyayuke. Nimesema sukumeni, sikusema pandeni. Na wewe Saidi, vua hivyo viatu vyako vya harusi."

Alipogeuza mgongo tu, Nassor akaanza. "Yakhe, utasukuma kama punda na injini ipo? Panda! Au unaogopa? Umemkumbuka mama?"

"Nani kamkumbuka mama?"

"Basi panda, tuone kama haikushiki."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikapanda. Nikatia makubadhi yangu katika vijishimo vile, pua mbele, yakaingia vizuri kama yameitwa. Mashine ikanguruma, wallahi mbuzi wa bonde zima walikimbilia mji wa Nizwa, huko mbali bara. Nikaenda hatua thelathini, ambazo nawasimulia watu kuwa ni maili tatu. Pale penye ukingo wa mawe ikapanda jiwe, ikalala kushoto. Nami nikafanya afanyalo kila mtu: nikauvuta mguu wa kushoto nje ili niizuie isianguke.

Mguu haukuja. Mashine ikanilalia, na nikasikia kitu kimelia ndani ya mguu wangu kama muwa unavunjwa.

"Mama!" nikapiga ukelele. "Mama nakufa!"

Nassor naye, kashika kichwa, anapiga kelele kunishinda, "Usimtaje! Usimtaje, ndo inazidi kukukaza!"

Walikuja watu arubaini kuniinulia ile mashine. Haya, walikuwa wanne. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu nililisikia barabara. Nilivunjika kwa kulifuata la Nassor.

Sasa nisikilize, kwa maana mguu haukuwa msiba wenyewe. Mguu ulitiwa jasi ukaunga. Msiba ni kwamba niliamini. Nililala chali chumbani nikajiambia: ni kweli, nilikuwa namfikiri mama, na imenishika. Basi niache kumfikiri. Makubadhi, moja zima na moja limechanika ukanda, nikayasukuma chini ya kitanda. Jirani akikaanga kitu chenye hiliki, nafunga dirisha. Na mama alikuwa akiniandikia. Barua zake zilipita mikononi mwa wasafiri wa Mombasa, mwezi mzima njiani, ameziandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu. Ikaja moja, sikuifungua. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Nilizitia katika sanduku nikalikalia juu, kama mtu aliyemfungia mwizi. Miezi mitano. Na kule Unguja mtu anauliza kila anayeshuka chomboni kama mwanawe yu hai.

Nilipoweza kutembea na fimbo nikachukua yale makubadhi niyapeleke yatoweke kabisa. Ndani ya soko la Matrah palikuwa na mshona viatu, Mzee Khalfan, aliyehama Unguja mimi sijazaliwa. Duka lake lilikuwa pana kama mswala. Nikamwambia, "Mzee, yachukue haya, yatie viraka vya wengine."

Akaligeuza lile lililochanika, akalinusa. "Kazi ya Darajani hii. Nani kakununulia?"

"Mama."

"Hajambo?"

Akaniwekea kigoda, na mimi nikamwaga yote: mzungu, picha, mashine, Nassor, mguu. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Barua ngapi?"

"Tatu."

"Hujazifungua hata moja?"

"Hata moja."

"Laa haula," akasema. Akafunga duka mchana kweupe, mtu ambaye hakulifunga hata siku ya kuozesha binti yake. Tukapita chumbani akanambia nizichukue zile barua, kisha tukadandia gari la mizigo mpaka Ruwi. Mashine ilikuwa nyuma ya gereji, kuku ameatamia juu ya kiti. Mzee Khalfan akapiga magoti, akachukua kiatu changu kitupu, akakitia ndani ya kijishimo, pua mbele. Kikaingia. Kisha akakivuta nje kwa ubavu, kama mtu anayetaka kukanyaga chini. Hakikutoka. Pua ilikuwa imejitia chini ya ule mdomo wa bati, imenasa kama ndoana. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

"Kiatu hiki kina mama?" akaniuliza.

"Hakina."

"Kinakumbuka Unguja?"

"Hakikumbuki."

"Mbona kimeshikwa?"

Nikauliza, "Basi ni nini, mzee?" Akanijibu maneno machache, nitakwambia. Kisha akanikalisha juu ya ile mashine, kuku kahama, nikafungua barua. Ya kwanza na ya pili ni salamu za watu wa mtaa mzima, na paka. Ya tatu ilikuwa mistari miwili: "Kama umenisahau, nimekuwia radhi. Nijuze tu kama u mzima."

Nilimwandikia palepale, kurasa tisa, na tisa hizo sikuzidisha. Tukaandikiana miaka mingi, mpaka barua zake zikakoma. Macho kwa macho hatukuonana tena. Miezi mitano ile, mwanangu, nikiambiwa nichague kitu kimoja nirudishiwe katika umri wangu wote, nitachagua hiyo, wala sitafikiri.

Nawaona mnakwenda mchangani siku za mapumziko na vipikipiki vyenu vya magurudumu manne, mmevaa ndara. Basi shika la babu yako. Chombo kilichotengenezwa kwa mguu wa mwingine, kiulize kwanza kitautoaje wako. Tia mguu kimesimama, utoe mbele, nyuma, ubavuni, kabla hujawasha. Vaa kiatu kilichofungwa. Kikianguka, usikizuie kwa mguu, kina uzito kuliko ushujaa wako. Na ukiumia, tafuta kilichokuumiza kwa mkono na jicho, usikitafute katika maneno ya watu, wala usimwadhibu anayekupenda kwa kosa la bati. Hamu ya kwenu ilee, iandikie, ipigie simu. Mkataa kwao mtumwa.

Mwenyezi Mungu akulinde miguu na akuongoze hatua, akukutanishe na uwapendao wangali hai, na kila unapokwenda akujaalie wa kukuuliza kama umefika.

Na yale maneno ya Mzee Khalfan ni haya, alinambia huku anakichomoa kiatu changu kwa bisibisi: "Saidi, mashine haijui mtu katoka wapi. Kijishimo chembamba, kiatu chako kina pua, nawe uliambiwa usukume. Kumkumbuka mama hakujamvunja mtu mguu."